Fundi Anayebomoa Uzio Wake

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya migomba, Lutufyo anakata kamba za uzio alioufunga kwa mikono yake mwenyewe. Fito zinaanguka, naye hazitazami. Ana haraka. Kila gari linapoguruma kwenye barabara itokayo Tukuyu, panga lake linasimama hewani.

"Hilo ni lori la majani ya chai," anasema, kisha anaendelea.

Huyu ni fundi mianzi wa Masukulu. Anasuka matenga ya ndizi na vikapu vya kuchumia chai, na anayetaka zizi au uzio humfuata yeye. Tenga moja humpa shilingi mia tano, soko likiwa zuri. Uzio huu hakulipwa chochote. Aliutoa kama sadaka, na ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote.

Ndani yake ni kichaka cha miti mikubwa walimozikwa machifu wa zamani. Wazee husimulia kwamba ukoo huo ulivuka milima kutoka Ukinga, na kila chifu kijana alipokabidhiwa nchi, mti ulipandwa. Miti hiyo ndiyo kumbukumbu yao. Hakuna jiwe wala msalaba. Wanakijiji wameomba jina la kichaka hiki lisiandikwe. Tumekubali, na msomaji ataona sababu.

Enzi zote hizo hapakuwa na uzio. Mwiko ulitosha: hakuna aliyekata hata ufito humo. Lakini mwaka juzi ng'ombe waliingia, watu nao wakaanza kuokota kuni, ndipo Lutufyo akasimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema ataziba yeye.

"Nilijiona nimefanya la maana," anasema. "Watu walikuja kuushangaa. Mchungaji mwenyewe alinisifu. Kumbe nimewawekea wezi alama."

Miaka hii ya soko huria kila kitu kina mnunuzi, hata kisichokuwepo. Wapo wanaozunguka wilaya nzima wakitafuta rupia za Mjerumani, wakiamini alizifukia alipokimbia vita. Mtu wa namna hiyo akiona uzio imara kichakani, pasipo nyumba wala shamba, atajiuliza kinafichwa nini. Wameshachimba mara mbili. Hawakupata kitu zaidi ya mizizi, na shimo la mwisho limefika kwenye shina la mti mkubwa kuliko yote. Udongo mweusi bado umemwagika pale. Inauma kuutazama.

Jana bintiye Elina, anayeuza ndizi stendi ya Tukuyu, alirudi na habari mbaya. Wageni waliofikia gesti moja ya mtaa wa Bulyaga walikuwa wakiulizia njia ya kwenye uzio wa mianzi wa Masukulu.

"Mimi nilisema sijui, lakini mwenzangu akawaelekeza," Elina anasimulia huku akiburuta fito. "Wana mashine ya kupimia chini ya ardhi. Walisema wanakuja leo."

Mwenyekiti wa kijiji, Nsajigwa, anafika akiwa amekunja uso.

"Si ungeongeza seng'enge, Lutufyo? Sasa unawafungulia mlango."

"Tukiweka seng'enge, mwenyekiti, wataleta trekta," fundi anajibu bila kuinua kichwa.

Nsajigwa analitazama lile shimo kwa muda. Halafu anavua koti na kushika ncha ya pili ya mzigo wa fito anaouburuta Elina.

Kufika saa nne uzio umekwisha kubomolewa. Mashimo ya nguzo yamefukiwa, na majani makavu ya migomba yametandazwa juu yake. Fito zimefungwa mizigo mizigo kando ya barabara. Pikapu nyeupe inapanda mlima taratibu, inasimama.

"Ndio hao, baba," Elina ananong'ona.

"Shikamoo mzee," dereva anasema. "Tunatafuta uzio wa mianzi. Tumeambiwa uko huku huku."

"Marahaba. Basi mmefika," Lutufyo anajibu, akiupiga mzigo kofi. "Mnataka wa urefu gani? Nawafungia hata leo."

Dereva anamtazama mwenzake. Macho yao yanapita kwenye migomba, yanapita kwenye kichaka, yanarudi kwenye fito.

"Hapana mzee, si wa kununua. Tunataka ule uliojengwa."

"Huku uliojengwa hamna. Labda mkaulize mbele."

Gari linaondoka kuelekea kijiji cha Masoko. Nsajigwa anashusha pumzi. Lutufyo anaketi juu ya fito zake.

Anajua wanaweza kurudi. Mpango wake ni kupanda migomba hadi mguuni mwa ile miti, kama ilivyokuwa wakati wa babu yake, mpita njia asione cha kuulizia. Ng'ombe wakija, atawafukuza yeye mwenyewe kwa fimbo.

"Kila fundi anataka kazi yake ikumbukwe," anasema, akiokota kamba iliyobaki. "Mimi namwomba Kyala, Mungu wetu, ikifika masika watu wawe wamesahau kwamba niliwahi kufunga uzio hapa."