Kijivu Kimoja

Muuguzi wa macho katika zahanati ya Kasuku ana mikono mikavu inayonukia sabuni, na sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Humwonyesha kila mgonjwa vipande viwili vya karatasi ya kijivu, kimoja juu ya ubao mweusi, kingine juu ya mweupe. "Kipi njo kinang'aa zaidi?" Wote huchagua cha juu ya mweusi. Hapo huviweka pamoja, waone kuwa ni rangi moja. "Macho inapokea tu," husema. "Kichwa njo kinapima mwanga."

Euphrasie alimleta baba yake akiwa amechoka naye. Tangu vita, mzee alilalamika kwamba weupe na weusi vimemchanganyikia, na kila daktari alisema macho ni mazima. Nyumbani walimwita mvivu anayekwepa shamba. Euphrasie naye alimwita hivyo. Mzee alivitazama vipande vile kwa muda mrefu.

"Yote mbili iko sawasawa, mama."

Muuguzi akazunguka nyuma ya mzee, akapapasa kisogo taratibu, vidole vikasimama penye kovu lililobonyea.

"Nani alikupiga hapa?"

"Askari, na kitako cha bunduki. Ndani ya gari moshi, wakati wa vita."

"Muntu wa kudanganya hangejua huu mtego, angejibu sawa vile wengine," muuguzi alimwambia Euphrasie, mkono ungali kisogoni. "Kuona kwake njo kuliumia huku."

Euphrasie akapiga magoti mbele ya baba yake. Mzee akanyoosha mkono mpaka akaupata uso wa binti yake.

"Usilie, mwanangu. Hata mimi nilishaanza kuwaza kama ninadanganya."