Msiba Alioukwepa Chil-bok

Hapa kwetu milimani, mchimba jinseng ya mwitu, ule mzizi wa dawa wenye bei kubwa, akishafunga kamba ya majani ya mpunga langoni kwake, hali nyama, halali na mkewe, na hakanyagi penye maiti. Akikanyaga, wenzake hawapandi naye mlimani, basi. Pyo Chil-bok alikuwa ameshafunga kamba. Misimu miwili alikuwa amerudi mikono mitupu, na Mzee Yeom, kiongozi wa kundi, alimwambia bila kupepesa macho, "Mwaka huu ukituletea nuksi tena, mwakani ukalime viazi."

Alfajiri ya safari alishika njia inayopita nyuma ya nyumba ya Ma Gap-dol. Huyo, aliyemwita kaka ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, ndiye aliyemfundisha kazi kabla hajaota ndevu, na mwaka Chil-bok alipovunjika mguu bondeni, ndiye aliyembeba mgongoni hadi kijijini. Tangu mvua za katikati ya mwaka Gap-dol alikuwa hoi kitandani. Chil-bok aliinua macho akaona koti jeupe limetupwa juu ya paa. Kwetu koti la mtu halipandi paani mpaka amekata roho.

Akiingia lango lile, msimu wake unaishia hapo. Hakuonwa na mtu ila mbwa, naye hakubweka kwa kuwa alimfahamu. Basi mtu mzima mwenye familia yake akainama, akajipenyeza katikati ya mahindi kama mwizi wa kuku, akatokea upande wa pili.

"Umechelewa," Mzee Yeom alimwambia chini ya mlima.

"Tumbo, mzee."

"Tumbo la kuogopa mlima hilo," akadakia Bang, ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa anatafuna.

"Na Gap-dol anaendeleaje?" Mzee Yeom akauliza. "Si unapita kwake?"

"Leo sikupita huko."

Bang akazidi kulichekea lile tumbo, Chil-bok naye akacheka, masikio yakimwaka moto.

Walikaa mlimani siku kadhaa. Mchana mmoja, chini ya mti uliooza, Chil-bok aliona matunda mekundu juu ya shina nene, jinseng ya miaka mingi. Ilimbidi apige ukelele wetu wa kwamba ameiona, "Simbwatda!", mara tatu, na wenzake waketi chini hukohuko walipo. Mara ya tatu sauti ilimkatika. Alipiga magoti akaanza kuchimbua udongo kwa vidole asikate hata mzizi mmoja, kama alivyofundishwa, na huku akijua kwamba Gap-dol naye ameshafukiwa. Alilia. Aliona aibu, na aliona aibu zaidi kwa kuwa mikono yake haikutetemeka.

Mzee Yeom akamshika bega. "Lia tu, mwanangu. Mlima umeuona moyo wako, ni msafi."

Waliposhuka, hakwenda kwake kwanza. Alikwenda kwa mjane akiwa na mzizi kifuani, umefungwa ndani ya kuvumwani mbichi ya mlimani usikauke. Alikuwa ameamua kusema yote. Alisujudu mara mbili mbele ya meza ya matambiko ya marehemu, lakini kabla hajafungua mdomo, mjane akamtangulia.

"Shemeji, usinichukie. Mimi ndiye niliyekuficha."

"Kunificha?"

"Kaka yako alisema mwenyewe kabla hajazimika. 'Chil-bok asiambiwe. Akisikia atatupa kila kitu aje anibebe, na akikosa mwaka huu hawatamchukua tena.' Nikawazuia hata watoto wasikanyage kwako. Wakati wa kubeba jeneza watu wakauliza, yuko wapi mdogo wake? Nikanyamaza. Nilikunyima kumzika kaka yako, shemeji. Tangu siku hiyo chakula hakipiti."

Chil-bok alimtazama. Uso ulikuwa umemkonda, na sahani ya wali ilikuwa kando yake, haijaguswa. Maneno aliyoyabeba kutoka mlimani yalikuwa pale kooni. Angesema, "Niliona, nikapita kwenye mahindi." Angesema tu. Lakini mama huyu, katika kijiji chote, ndiye pekee aliyebaki akiamini kwamba yeye angekuja mbio, na Chil-bok, aliyekwisha kumpoteza Gap-dol, hakutaka kumpoteza huyo naye.

"Basi, shemeji," akasema. "Nimekusamehe."

Mjane akafuta macho kwa mkono wa nguo yake, akavuta ile sahani, akaanza kula.