Chuma Ndani ya Mfupa

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika chumba cha upasuaji, hapa Bunia, sikugusa mgonjwa. Masere, mtawa aliyekuwa mkuu wa chumba kile, alinipa brosi na beseni la skrubu ndogo za kufungia mifupa iliyovunjika. Nilizisugua hadi mchana. Akazitazama moja moja dirishani, akanirudishia zote.

"Damu ikikauka kwa kona, mvuke haiwezi kuingia," alisema. "Osha tena."

Ilikuwa miaka ya sabini, ninyi vijana hamjazaliwa. Kidonda cha kawaida kikiingiwa na vidudu, damu huleta dawa na mwili hupigana. Lakini chuma hakina damu. Vidudu vikikishika, hujifunika utando unaoteleza kama ule wa jiwe la mtoni, na chini ya utando huo penisilini haivifikii. Basi kazi yetu ilikuwa kuvizuia kabla. Vyombo vilifungwa kwa kitambaa juu ya kitambaa, vikaingia katika mtambo wa mvuke, vikakaushwa humohumo. Furushi likitoka na unyevu, tulirudia yote, kwa sababu maji yanapopenya, vidudu navyo hupenya.

Masere alirudi kwao Ulaya, mimi nikashika nafasi yake. Mganga mkuu wakati huo alikuwa Dokteri kijana aliyesomea Kinshasa, mpole, mwenye mikono myepesi. Ndiyo miaka ambayo mazutu, yaani dizeli, ya kuendesha mtambo ilianza kukosekana.

Mama Bahati, muuza mihogo wa Marabo, alianguka kutoka juu ya lori. Dokteri aliufunga mfupa wa paja uliovunjika kwa bamba la chuma na skrubu, na siku alipotoka kwa miguu yake tulimpigia vigelegele. Baada ya miezi kadhaa akarudi na tundu dogo pajani, linatoa usaha. Tulipofungua, bamba liliteleza mkononi mwa Dokteri. Chini yake mfupa ulikuwa umeoza. Tulilitoa, lakini homa haikumwacha. Alifia mikononi mwa mama yake.

Tulichunguza mvuke, maji, glavu, ngozi. Hatukujua vidudu vilipita wapi. Dokteri alituita sote.

"Kutoka leo, mvuke ikikatika njiani, hakuna chuma. Mutu akiwa na usaha popote, hakuna chuma. Hata akiwa mutoto wangu."

Amri hiyo ilimwangukia Mwalimu Ukumu, mwalimu wa shule ya msingi ya Irumu. Gari lilimgonga akiwa kwenye baiskeli, paja likavunjika. Mazutu hakuna. Tulimbandika plasta ndefu kwenye muundi, tukafunga kamba na mfuko wa mchanga ili uzito uvute mguu, naye akae hivyo kitandani hadi mfupa ushike. Dokteri alimweleza habari za Mama Bahati. Mwalimu akageukia ukuta.

Kisha akaletwa mfanyabiashara, paja limevunjika vilevile, akalazwa kitanda cha pili. Ndugu zake walifika na mapipa ya mazutu. Mvuke ukakamilika, akawekewa bamba. Muda si muda akawa anapita na magongo mbele ya Mwalimu.

"Mama," Mwalimu aliniita, "mazutu iko sasa. Zamu yangu ni lini?"

Nilifunua muundi wake. Plasta ilikuwa imechubua ngozi, na palikuwa na usaha. Nikamwita Dokteri. Aliinama, akabonyeza pembeni ya kidonda.

"Mwalimu, siwezi. Hii usaha itafika kwa chuma."

"Sababu mimi ni mwalimu tu? Mwenye mafuta yeye alipata!"

"Alipata sababu ngozi yake ilikuwa muzima."

"Mulinibandika hii kidonda ninyi wenyewe!"

Ilikuwa kweli. Kidonda kilipopona, mfupa ulikuwa umekwisha kushika, umepinda. Mwalimu alitoka na mguu mfupi, hakumuaga mtu.

Dokteri alihamishiwa Kisangani. Mimi nilibaki hadi pensheni. Wauguzi vijana huniuliza niliokoa watu wangapi, na sina wa kuwaonyesha. Mtu ambaye vidudu havikumwingia hajui kitu. Anakwenda zake shambani. Wanaojulikana ni wale wanaochechemea.

Nilipostaafu nilikwenda Irumu. Mwalimu alinitolea kiti, akakaa akinyoosha ule mguu.

"Nilienda Marabo," alisema kabla sijauliza lolote. "Kwao na ule Mama Bahati wenu. Mama yake mzazi iko muzima mpaka sasa. Alinionyesha kaburi."

"Ulienda na mguu huo?"

"Nilienda."

"Basi unajua hatukukudanganya."

"Najua." Alisugua goti lake. "Ingekuwa uongo, Mama, ningewachukia, moyo ingepoa. Sasa nichukie nani?"

Aliinuka polepole, akaingia ndani kututafutia chai.