Milimita Kumi na Nne za Selestina

Kila asubuhi saa tatu kamili Selestina hutoka uani na daftari kwapani, huvuka wigo wa miiba alioujenga kuwazuia mbuzi, na kuinamia kipima mvua. Aliyekichimbia pale ni bintiye Judith, Krismasi mbili zilizopita, alipokuja kutoka Ujerumani na sanduku lililojaa vyuma badala ya zawadi. Majirani pale Kiabakari walicheka mpaka wakachoka. Mzee Machage, anayepitisha ng'ombe wake hapo kwenda malishoni, hajaacha hadi leo.

"Mama Judi, bado unapimaga jua?"

"Napima, mzee. Leo limejaa pomoni."

Kazi ya Judith huko ugenini ni kulinganisha mvua ya kwenye kompyuta na mvua inayolowesha watu. Kwa maelezo yake, modeli kubwa za hali ya hewa zimeikata dunia miraba miraba, na mraba mmoja tu umemeza Musoma, Butiama, Bunda na kipande kizima cha ziwa, vyote vikapewa mvua ile ile. Selestina alishangaa watu wenye shule kubwa namna hiyo kutojua jambo ambalo kila mtu mkoani Mara analijua: mvua inaweza kumwagika kisiwani Rukuba hadi mitumbwi ijae maji, na Kiabakari watu wakabaki wanakula vumbi. Ziwa lina mambo yake.

"Ndiyo maana nakuhitaji, mama," Judith alimwambia, na neno hilo lilimkaa moyoni kuliko zawadi yoyote.

Basi kila saa tatu na robo simu ililia. Kama mvua ilinyesha, mazungumzo yalinoga: ilianza saa ngapi, upepo ulitokea ziwani au milimani, matone yalikuwa makubwa? Kutoka hapo waliingia kwenye habari za shangazi, za kwaya, za ndama aliyezaliwa. Lakini ikiwa sifuri, Judith alisema, "Haya mama, asante, nawahi kazini." Simu ikakatika, na nyumba ikawa kubwa ghafla.

Machi mwaka huu iliingia na sifuri kumi na moja mfululizo. Mahindi machanga yalikunja majani, lakini tuseme ukweli, kiu ya Selestina haikuwa ya mvua. Ilikuwa ya sauti ya mwanawe. Siku ya kumi na mbili simu ilipolia, mdomo ukamtangulia.

"Kumi na nne."

"Milimita kumi na nne! Mama! Hebu niambie vizuri."

Akamwambia vizuri. Alimpa radi, akampa upepo, akampa hata kuku waliokimbilia jikoni. Walizungumza nusu saa nzima. Kesho yake akasema tisa, keshokutwa ishirini na moja. Daftarini mkono ulikataa kabisa. Miaka kumi na mitano ya ukatibu wa akina mama kanisani haikumruhusu kuandika kisichokuwepo. Humo aliandika sifuri, mvua akaiacha kwenye simu.

Wiki ikaisha hivyo. Halafu asubuhi moja Judith akapiga kabla ya saa yake.

"Mama, modeli imepatia! Ilitabiri mraba wetu utapata mvua wiki yote, mimi nilishabisha kazini kwamba Kiabakari haitafika, kumbe imenyesha hadi kwetu. Ijumaa nasimama mbele ya wakubwa wangu kuwaambia nilikosea."

Selestina akakaa kwenye kigoda. Nje ng'ombe wa Machage walikuwa wanapita, vumbi lao likiingia hadi sebuleni. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mtoto aliyemsomesha kwa kuuza maziwa, aende akasimame mbele za watu na uongo wa mama yake mkononi? Hapana.

"Judi, haijanyesha."

"Leo?"

"Mwezi huu wote, hata tone. Nilikuwa nakudanganya. Ukisikia sifuri unakataga simu haraka, mwanangu, na mimi nakaaga peke yangu hapa."

Kwenye simu vilisikika vidole vya Judith vikibofya kompyuta.

"Daftarini uliandika nini?"

"Ukweli."

"Basi usinitajie tena kwa mdomo, mama. Kila asubuhi piga picha ukurasa, unitumie. Hakutakuwa na haja ya kupigiana simu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu wa ofisini, na hilo ndilo lililomuuma Selestina. Jambo aliloliogopa kuliko ukame alikuwa amejiletea mwenyewe.

Kesho yake saa tatu alikwenda kwenye kipima mvua. Kikavu. Akaandika tarehe, akaandika sifuri. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na safu ya maelezo ambayo hakuwahi kuijaza. Siku hiyo aliijaza: "Upepo umetoka ziwani, mawingu yamepita. Mama amekukumbuka sana." Akasoma mara mbili, akitafuta uongo ndani yake, asiuone. Akapiga picha, akatuma.