Ree Aliyoiita Mke Wangu

Mke wangu ni muuguzi. Kucheza karata za Kijerumani alifundishwa kliniki, wakati wa mapumziko, na Mjerumani mmoja aliyekuwa akinyoosha wagonjwa viungo. Kisha Mjerumani akarudi kwao, nami nikamshukuru Mungu kimyakimya. Kumbe nilishukuru mapema. Haukupita muda wakaanza kucheza kwenye kompyuta kila Ijumaa, ambayo katika nchi hii ya Kiarabu ndiyo siku yetu ya ibada, tukishatoka kanisani: mke wangu hapa Al Mansoura, jamaa huko kwao na babake na mjomba wake, wote wakisikilizana kwa simu.

Karata zenyewe nilizichukia kabla sijazijua. Hazina uru wala shupaza. Zina kopa, majani, kengele, na mbegu za mwaloni, ule mti tunaousoma kwenye Biblia. Tena hazina malkia. Kuna mfalme, mtumishi mkubwa na mtumishi mdogo, wanaume watupu. Nilimwambia mke wangu kwamba hata aliyezichora alijua mchezo huu si wa wanawake. Akanijibu kwamba ndiyo maana wanamhitaji yeye.

Kilichoniuma zaidi ni kicheko. Mimi ni dereva wa hoteli, nashinda na wageni, na kicheko cha adabu nakijua. Hiki hakikuwa cha adabu. Jamaa akitamka neno moja tu, mke wangu anacheka mpaka miwani inamshuka puani. Kicheko hicho mimi nilikuwa nakipata labda Krismasi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, basi kila Ijumaa nilijilaza kitandani na kujifanya nasoma simu, huku nikisikiliza kama kuna anayekohoa. Nilikuwa na wivu, na sikuona haya kuwa nao.

Halafu mjomba akalazwa hospitali kwa ajili ya goti, na mchezo hauchezeki bila watu wanne.

“Si uingie wewe?” mke wangu akaniambia. “Tunakosa mtu mmoja tu.”

Nikajivuta kidogo, nikasema nitajaribu. Sikumwambia kwamba sheria nilishazijua, kwamba nikiwa uwanja wa ndege nasubiri wageni nilikuwa nacheza na mashine kwenye simu, nikijiandaa kumfunga yule jamaa siku moja. Mke wangu akaketi mezani na kompyuta yake. Mimi nikakaa kitandani na simu, nikampa mgongo ili tusichunguliane karata.

Mchezo huo una jambo moja la ajabu. Mchezaji anayejiona ana karata nzuri anaita ree ya aina fulani, na aliye na ree hiyo ndiye mwenzake dhidi ya wale wawili waliobaki. Lakini aliye nayo hasemi. Ananyamaza nayo mpaka itoke mezani, na hadi hapo aliyeita anabaki kukisia mwenzake ni nani.

Mke wangu akaita ree ya majani. Nikaangalia karata zangu mara mbili. Sikuwa nayo.

Basi anayo yule jamaa, nikajiambia, au babake. Jamaa alipoanzisha kengele, mimi sikuwa na kengele hata moja, nikakata kwa turufu kubwa kuliko zote. Mwenye akili angekata kwa ndogo. Mimi nilitaka aione. Babake akaweka kengele isiyo na thamani. Mke wangu, aliyekuwa wa mwisho, akaweka kumi ya kengele, karata ya pointi nyingi, na zote zikawa zangu. Nikafurahi kupita kiasi. Nikafuatisha majani, kusudi hiyo ree ijitokeze.

Ikatoka kwa jamaa.

Hatukumaliza vizuri. Mke wangu alishindwa kwa pointi chache, na jamaa akacheka kule kwenye simu, akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini alimpa adui kumi yake wakati alikuwa na tisa ya kuweka. Nilisubiri kicheko cha mke wangu. Hakucheka. Nilisikia akizima maikrofoni, kisha kiti kikageuka, nami nikageuka pia.

“Nilidhani ni wewe,” akasema.

Nikamwambia kwamba mchezo ni bahati, kwamba hakuwa na njia ya kujua.

“Najua ni bahati. Lakini nilikuwa nacheza nawe kama mwenzangu tangu mwanzo. Hata sikufikiria mwingine.”

Akarudi kwenye kompyuta, akawasha maikrofoni, akawaambia wagawe tena. Pointi zangu zilikuwa pale kwenye simu, nimeshinda, mimi na baba wa yule jamaa. Nilizitazama, nikamwonea jamaa wivu kuliko siku zote, kwa sababu ile ree ilikuwa kwake.