Waliokuwa na Nafasi ya Kuhojiwa

Profesa wa uchumi alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu, na chuo kikampa mhadhara wa kuaga. Ukumbi umepatikana, mke wake ameshashona nguo, dada zake wameshaalikwa. Mwenyewe alitembea kifua mbele, maana utafiti wake ulikuwa umetoa jibu zito: biashara ndogo za sokoni zinakufa. Wafanyabiashara wengi waliohojiwa na wanafunzi wake walishinda bila kuuza kitu.

Kilichobaki ni picha ya kuonyesha ukumbini. Akaingia sokoni na kamera yake.

Akasimama mbele ya muuza nyanya. "Mama, naomba tuzungumze kidogo."

"Unanunua?"

"Hapana, mimi ni profesa, wanafunzi wangu walipita hapa kwa utafiti."

"Basi wapishe wanaonunua, baba. Umeniziba meza."

Akajaribu kwa muuza vitunguu. Huyo hata macho hakuinua, mkono mmoja kwenye mzani, mwingine unarudisha chenji. Ndipo mzee muuza makufuli, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, akapaza sauti: "Profesa, njoo huku! Wanafunzi wako walishinda kwangu. Sisi tuna nafasi, bwana!"

"Mimi waliniuliza mpaka habari za wajomba," akadakia jirani yake, naye hana mteja hata mmoja. Wakacheka.

Profesa hakucheka. Wenye wateja waliwafukuza wanafunzi, wasio na wateja wakawakaribisha. Yeye akawachukua waliokaa bure, akatangaza kwamba soko zima limekaa bure! Na kosa hilohilo ndilo analolikemea darasani kila mwaka mpaka mishipa inamtoka.

Akampigia simu mkuu wa kitivo kuomba mhadhara usogezwe mbele mpaka arudie kazi.

"Muhula ujao wewe si mtumishi wetu," mkuu akasema. "Ukiahirisha, ndio basi. Kwani nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe peke yako? Basi tuko salama."

Profesa akaufuta mhadhara.

"Kwa hiyo nguo yangu nivalie jikoni?" mke wake aliuliza.

"Nisamehe, mama watoto."

"Nimekusamehe. Ila dada zako utawaambia mwenyewe, mimi simo."

Akawapigia mmoja mmoja. Mkubwa wao hakutaka kusikia habari za utafiti, alitaka kujua tu kama kaka yake anaumwa na watu wanamficha.

Asubuhi Profesa alikuwa sokoni, muuza nyanya akiwa bado anapanga meza.

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Leo sikuzibii. Una nafasi saa ngapi?"

"Nikishafunga. Na unibebee makreti mpaka stoo, maana mdomo wangu hauongei bure."

Jioni Profesa akabeba makreti, anauliza huku anahema. Mama akamjibu yote, isipokuwa swali la faida. Hilo, alisema, hata mume wake hajawahi kujibiwa.