Kihatarishi Namba Nne

Siku ya kumzika, shemeji yake aliyepewa kusoma wasifu alikwama kwenye mstari wa kazi. Alisoma, "Marehemu alikuwa afisa wa vihatarishi," akaliangalia jeneza kama anayeomba msaada, kisha akamalizia, "yaani alikuwa mlinzi." Waombolezaji wakaitikia kwa kichwa. Mungu amsamehe shemeji. Hata mke wa marehemu, aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kuieleza kazi ile vizuri zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwandani kwao, kiwanda cha magodoro, alipewa chumba chenye meza moja, kabati lisilofungika na daftari kubwa la jalada gumu. Humo aliandika kila jambo linaloweza kukiharibu kiwanda kabla halijakiharibu: tangi la kemikali kuvuja, mashine ya kukatia sponji kuzeeka, dereva kusinzia barabarani. Kila jambo aliliita kihatarishi, akalipatia namba, rangi na mwenyewe, yaani mtu wa kuwajibika nalo. Kijani maana yake lala. Njano maana yake lala jicho moja wazi. Nyekundu maana yake amka. Kila baada ya miezi mitatu daftari lilifupishwa likawa karatasi mbili, likapelekwa kwa bodi ya wakurugenzi, kwa sababu wanaokiongoza kiwanda wanapaswa kujua wameketi juu ya nini.

Wafanyakazi walimwita Mzee Nyekundu. Akiingia kantini utasikia, "Jamani, ficheni vijiko, vitaandikwa!" Hakucheka, wala hakununa. Mtu akimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, alitoa kalamu na kuuliza, "Ufa upi, nani anauziba, na lini?" Wengi waliacha kumpa methali.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni namba nne: moto katika ukumbi wa ushonaji. Humo walifanya kazi wanawake tisini na sita, cherehani zikiwa zimebanana, mabaki ya sponji yakiwafika magotini, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, wa mbele. Mlango wa nyuma ulikuwepo, ila ulining'iniza kufuli la ukubwa wa ngumi. Meneja mkuu aliufunga baada ya vitambaa kuanza kutoka kiwandani bila kuaga. Ufunguo aliuweka yeye mwenyewe kwenye droo, na droo nayo ilikuwa na ufunguo wake.

Mzee alipopita na fomu zake, alimpa msimamizi wa ushonaji, aliyeitwa Mama Sindano, ajaze sehemu iliyoandikwa "Mwenye kihatarishi".

"Mwenye moto?" Mama Sindano alishangaa. "Kwani mimi ndiye nimeuwasha?"

"Si aliyeuwasha, dada. Ni anayebeba wajibu wa kuuzuia."

"Nitauzuia na nini, na sindano? Ukiwaka watasema jina langu lilikuwa hapa. Mimi nina wajukuu, mzee."

Akaichukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: MWENYEZI MUNGU. Kwenye sehemu ya hatua zilizochukuliwa akaandika: Sala, kila asubuhi kabla ya kazi. Hilo lilikuwa kweli. Walikuwa wakisali.

Hapo mzee akabanwa. Alikuwa mtu wa ibada, aliyelelewa na mama asiyeruhusu karatasi yenye jina la Mungu itupwe ovyo. Alishika ufutio wa wino, mkono ukakataa. Akaacha. Meneja mkuu alipoipitia taarifa hakuona ubaya wowote, kwa kuwa mwenye kihatarishi huyu haitwi kwenye vikao. Alibadilisha rangi tu, nyekundu ikawa njano.

"Bodi haipendi nyekundu, mzee. Inawapandisha presha."

"Mlango umefungwa, bosi."

"Na Mungu yupo. Au wewe si mtu wa dini?"

Neno lile lilimchoma kama mwiba. Hata hivyo aliiacha njano ipite, robo ya kwanza ya mwaka, na ya pili.

Kisha asubuhi moja, yeye akiwa humo ukumbini na daftari lake, mota ya cherehani moja ilifuka moshi. Mama Sindano aliimwagia mchanga wa ndoo, mambo yakaisha kabla chai yake haijapoa. Lakini kabla hayajaisha, wanawake kama thelathini walikuwa wamekimbilia nyuma. Aliwaona wamejipanga mbele ya mlango wa nyuma, bega kwa bega, mmoja akilitikisa kufuli. Kisha wakageuka, wakarudi kukaa bila kutazamana.

Jioni ile alivua viatu polepole. "Keshokutwa kuna kikao cha bodi," alimwambia mkewe. "Nitasema nyekundu."

"Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu, baba watoto."

"Najua."

"Ukifukuzwa tutakula rangi?"

Alilifikiria swali lile kwa haki, kwa sababu lilikuwa swali zuri. "Nimekuwa nikimwomba Mungu atuepushe na moto," alisema mwishowe. "Leo ametuepusha. Ila lile kufuli si la kwake."

Mkewe alikunja nguo tatu. "Basi vaa shati la bluu," alisema. "Lile jeupe linaonyesha jasho."

Mwenyekiti mpya wa bodi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mkavu aliyesoma kila ukurasa kwa kuweka rula chini ya mstari. Alifika namba nne.

"Moto, ukumbi wa ushonaji. Mwenye kihatarishi, Mwenyezi Mungu." Akashusha miwani. "Amejulishwa?"

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

"Ni mzaha wa wafanyakazi, mwenyekiti," alisema meneja mkuu. "Tutarekebisha. Rangi yenyewe ni njano tu."

"Sikuuliza rangi. Ila kwa kuwa umeitaja." Rula ikamwelekea mzee. "Wewe ndiye mwenye daftari. Rangi gani?"

Mzee aliweka daftari mezani. Aliwaza miezi kumi na minne, mmoja mmoja.

"Nyekundu, mwenyekiti. Mara tatu nimeiandika nyekundu, mara tatu imefika hapa njano."

"Na huyo mwenye kihatarishi?"

"Si mzaha. Niliogopa kulifuta jina la Mungu, nikamwachia kazi asiyoiomba. Hilo ni kosa langu. Mwenye kihatarishi ni mwenye ufunguo."

"Ufunguo uko wapi?"

Macho yote yalimwendea meneja mkuu, na ya meneja mkuu yakaenda kwenye chupa ya maji. "Uko salama," alisema.

"Kaulete. Tunasubiri."

Alirudi baada ya dakika tisa, kwa sababu ufunguo wa droo alikuwa nao katibu muhtasi, na katibu muhtasi alikuwa kantini. Mwenyekiti aliamuru dakika zile tisa ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

"Moto ungekuwa umefika wapi?" alimuuliza mzee.

"Ungekuwa umemaliza, mwenyekiti."

Bodi iliamua kufuli liondolewe siku hiyohiyo. Iliamua pia kwamba taarifa za mzee ziende moja kwa moja kwa kamati ya bodi, na atakayebadilisha rangi aandike jina lake pembeni. Meneja mkuu alisaini kuwa mwenye namba nne, kwa kalamu ya kuazima. Mzee hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba kilichopakana na jenereta, na tangu hapo yeye na bosi wake walisalimiana kwa nyusi.

Moto haukutokea, si mwaka ule wala hadi anastaafu, na hakuna awezaye kuapa kwamba ungetokea. Ndiyo tabu ya kazi ile: ukiifanya vizuri, hakuna la kusimulia msibani.

Wiki iliyofuata kikao kile walifanya zoezi la kwanza la kutoka. Kengele ililia, wanawake wakamiminika kwa mlango wa nyuma wakicheka, mmoja na futi ya kupimia shingoni. Mzee alisimama nje na saa na orodha.

"Haya, mzee," Mama Sindano alisema akihema, "tumekufa wangapi?"

Alihesabu, akahesabu tena kuanzia juu. "Mmoja."

"Nani?"

Alimwonyesha kwa kalamu dada mmoja aliyekuwa akitokea mlangoni taratibu, mkono umebeba pochi.

"Mimi niko hapa, mzee!"

"Umekufa, dada. Umerudia pochi."

"Nifute basi, jamani!"

"Kesho tunarudia," alisema, akaandika.

Kesho yake walirudia. Yule dada alitoka wa kwanza, pochi akiwa ameivaa shingoni tangu asubuhi.